Soksi na Mashahidi wa Bwana Stoo

Wako watu wanaofuga kuku, wako wanaofuga njiwa. Bwana Stoo alifuga panya.

Hebu subiri, usicheke kwanza. Hakuwajengea banda wala kuwapa majina, hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliwaachia tu ufa wa ukuta nyuma ya magunia ya pumba usizibwe, akawaachia unga uliomwagika kwenye pembe usizolewe, na paka yeyote aliyejitokeza pale alichapwa mpaka akasahau njia. Miaka kumi na moja panya wale walikula, wakalala na wakazaana kwa raha zao, na hata siku moja hawakujua kwamba wameajiriwa.

Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mnene wa juu na mwembamba wa chini. Alivaa koti la kijivu la mifuko minne, kalamu mbili kifuani, moja haina wino, na kiunoni alining'iniza rundo la funguo lililomtangulia kwa kelele kila alikokwenda. Alianzia pale pale kiwandani kama kuli, akibeba magunia ya unga mgongoni, lakini hilo usingemkumbusha. Tangu marehemu mwenye kiwanda alipomkabidhi zile funguo, alisahau hata kuitikia salamu. Makuli wanamwamkia asubuhi, "Shikamoo Bwana Stoo," yeye anainua kidevu. Kidevu tu! Mdomo aliutunza kwa ajili ya kula na kusonya.

Aliwadharau wote, hakubagua. Makuli aliwaita migongo. Mafundi wa mashine za kusaga aliwaita vumbi. Dereva alikuwa usukani, mlinzi alikuwa geti. Hata Mama Bosi, mke wa marehemu, aliyeshika kiwanda baada ya msiba na akakiendesha bila kukopa akili ya mtu, Bwana Stoo alimbenulia midomo akishampa kisogo. "Mjane wa watu," alikuwa akimwambia mkewe nyumbani. "Anajua nini kuhusu unga? Namzungusha ninavyotaka."

Na kweli alimzungusha. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi.

Kila Alhamisi mchana, makuli wakienda kula, alichagua magunia mawili ya unga mweupe wa daraja la kwanza. Alitoa kisu kidogo, akakata pembe ya gunia, kisha akazichambua nyuzi kwa kucha, polepole, mpaka pale pakaonekana pametafunwa. Akamwaga unga kidogo sakafuni. Halafu, jamani, akachomoa kopo la maziwa lililofichwa nyuma ya mizani. Unajua ndani mlikuwa na nini? Mavi ya panya. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, mwenye kalamu mbili, amejiwekea akiba ya mavi ya panya kwenye kopo lenye mfuniko! Ananyunyiza kidogo huku, kidogo kule, kwa uangalifu wa mpishi anayetia chumvi. Kisha anamwita Mama Bosi.

"Panya tena, mama. Njoo ujionee."

Wakati huo huo panya mmoja anapita zake chini ya chaga za mbao, na Mama Bosi anaruka nyuma. Shahidi gani atamshinda huyo? Na desturi ya kiwanda ilikuwa kwamba gunia lililoguswa na panya haliuzwi, linatolewa bure likalishwe mifugo. Ijumaa asubuhi mkokoteni wa shemeji yake Bwana Stoo unakuja kulichukua, eti ni la kuku wake. Shemeji hakuwa na kuku hata mmoja. Alikuwa na tanuri la mikate mtaa wa pili, na mikate yake ilisifiwa kwa weupe.

Usidhani mchezo huo haukuwa na wa kuumia. Palikuwa na mama mmoja mfagiaji, mtu mzima, mpole, anayefika alfajiri na ufagio wake mwenyewe kwapani. Kosa lake lilikuwa kwamba alifagia vizuri mno. Siku moja akamfuata Bwana Stoo, akamwambia kwa adabu zake zote, "Baba, kule nyuma ya pumba kuna ufa. Ukizibwa, hawa panya wataisha." Bwana Stoo akainua kidevu. Wiki hiyo hiyo Mama Bosi alipouliza kwa nini panya hawaishi, alijibu kwa sauti ya masikitiko, "Mama, mimi sipendi kumsema mtu. Lakini panya hawakai penye usafi." Basi. Mfagiaji alifukuzwa kwa uchafu, yeye aliyekuwa msafi kuliko kiwanda kizima. Alitoka akilia, ufagio kwapani, akampita Bwana Stoo mlangoni. Mchana ulipofika, Bwana Stoo alikuwa amekwisha kumsahau. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya mambo ninayotaka kueleza.

Mambo yenyewe yalianza mwenye duka mmoja aliporudisha gunia lenye mavi ya panya juu yake. Safari hii Mama Bosi hakuruka nyuma. Alimwita Bwana Stoo ofisini, akamwambia amesimama hivyo hivyo, "Mwezi huu panya waishe. Wasipoisha, funguo hizo nampa mtu mwingine."

"Wataisha, mama."

"Tutie sumu."

"Sumu? Kwenye unga wa watu?" Bwana Stoo akashika kifua. "Mungu apishe mbali, mama. Watoto wa watu watakula." Na uso wake ulijaa uchungu wa kweli, maana mtu huyo kwa kuigiza alikuwa hana mwenzake.

"Paka basi."

"Paka nimejaribu, mama. Wavivu. Wanakuja kulala."

"Basi mbwa," akasema Mama Bosi. "Daktari wa mifugo ameniambia kuna mbwa wa panya. Anamleta kesho tumwone."

Siku hiyo Bwana Stoo hakula vizuri. Alikuwa akiwaza jibwa la kufungwa mnyororo, lenye taya za kuvunja kiti. Kesho yake daktari akafika na kikapu. Alipokifunua, makuli waliangua kicheko, na Bwana Stoo naye, kwa mara ya kwanza tangu apewe funguo, akacheka pamoja na makuli.

Kwani huyo naye alikuwa mbwa? Miguu mifupi, masikio yamesimama, manyoya yamemwangukia machoni. Ungemtia kwenye mfuko wa koti na kufunga kifungo. "Huyu soksi!" kuli mmoja akapiga kelele, na jina likamganda palepale.

"Msimwone hivi," akasema daktari. Alikuwa mtu wa maneno mengi akiulizwa habari za wanyama, na hata asipoulizwa. "Huyu anaitwa teria. Babu zake walitengenezwa na watu wa viwandani na migodini, huko nchi za baridi, zamani hizo. Wafumaji, wachimba makaa, watu wasio na kitu. Wakubwa walikuwa na mbwa wao warefu wa kuwindia. Hawa walikuwa na panya. Wakataka mbwa anayeenea shimoni. Wakachanganya huyu na yule, na nyingi ya nasaba hizo hakuna aliyeziandika. Walichotazama ni jambo moja. Akishauma, anaachia? Anayeachia hawakumzalisha. Wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo huyu si kwamba hataki kuachia. Hajui."

Katika maneno yote hayo, Bwana Stoo aliokota mawili matatu tu. "Kumbe ni mbwa wa makapuku," akasema.

"Ni mbwa wa kazi," daktari akamjibu.

"Na tabia yake?"

"Mbishi, mchimbaji, mwenye kelele. Hajui kwamba yeye ni mdogo, hajawahi kuambiwa. Na humchagua mtu mmoja akawa wake."

Bwana Stoo alimtazama yule mnyama kutoka juu, akaona amepona. Panya wake wa chini ya chaga, yule dume mkubwa mwenye mkia uliokatika, angemzaba huyu kofi akaenda kulala. "Mama," akasema haraka, "huyu huyu. Tusihangaike na mwingine. Mimi nampendekeza."

Mama Bosi alishangaa, maana hakuwahi kumsikia mtu yule akimsifu kiumbe chochote. "Sawa. Basi atakuwa chini yako. Wewe ndiye utakayemlisha."

Soksi akakinusa kiatu cha Bwana Stoo, cha kulia, halafu cha kushoto. Akaketi juu ya cha kushoto. Shauri lake lilikuwa limekwisha.

Siku ya kwanza alilala juu ya koti la kijivu, na Bwana Stoo akazunguka kiwanda kizima akitangaza, "Mmeliona jembe letu?" Siku ya pili Soksi aliketi mbele ya ufa tangu asubuhi, kichwa kimeinama upande, mwili unatetemeka. "Anawaomba panya msamaha," akasema Bwana Stoo, na makuli wakacheka kwa kuwa ndiye mwenye funguo.

Saa sita dume la mkia uliokatika likatoka.

Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Soksi alimdaka shingoni, akamtikisa mara moja, na kazi ikawa imekwisha. Kisha akambeba, kichwa juu, akapita katikati ya makuli walionyamaza, akamweka kwenye viatu vya Bwana Stoo. Akatikisa mkia. Alikuwa amemletea bwana wake mali yake.

"Ebo!" akasema kuli mmoja.

Jioni ilipofika palikuwa na panya tisa wamelazwa kwenye viatu vile, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Bwana Stoo. Miaka yote ile ya malezi!

Akaanza hila. Elimu yake ilikuwa ya paka, na kwa paka alijua kwamba aliyeshiba hawindi. Basi yule bahili, ambaye hakuwahi kumnunulia mwenzake hata kikombe cha chai, akapita buchani kila asubuhi kumchukulia mbwa nyama. Soksi alikula yote, akaramba sahani, akaramba na mkono wa Bwana Stoo, akarudi kwenye ufa na nguvu mpya. Daktari alipokuja kumkagua akachekelea. "Mlishe utakavyo. Huyu haui kwa njaa. Anaua kwa sababu panya yupo." Bwana Stoo akamfunga kamba uani. Soksi alibweka mpaka mafundi wakazima mashine wakidhani kuna moto. Akamfungia nje ya mlango wa stoo. Soksi alichimba chini ya mlango, akatokea ndani amejaa unga mpaka kope, akamletea panya mwingine.

"Mbwa mshenzi wewe!" Bwana Stoo alimnong'oneza kila alipomwekewa maiti miguuni. "Mbwa wa makapuku! Huna mbele huna nyuma!" Na Soksi, asiyejua maneno ila sauti, alizoea kwamba hayo ndiyo anayoambiwa mbwa hodari. Akiyasikia, mkia ulimchezea mpaka kiuno.

Wiki ya tatu stoo ikawa kimya. Soksi akawa analala mchana kando ya mizani, pua yake imeelekea nyuma, mahali lilipofichwa lile kopo. Hapo palimnukia kazi, lakini hapakutoka panya.

Alhamisi ikafika. Bwana Stoo akakata pembe, akachambua nyuzi, akanyunyiza akiba yake. Mama Bosi akaja, akainama. Akaokota kipande kimoja cha mavi kwa karatasi, akakibonyeza. Kikawa vumbi.

"Haya ni ya zamani, Bwana Stoo."

"Labda wamekonda, mama."

"Na Soksi hajabweka wiki nzima. Panya gani hawa wasiobwekewa?"

"Ni wajanja, mama. Panya wa siku hizi."

Mama Bosi akaikunja ile karatasi. "Unga huu uchekechwe, urudi kwenye gunia jipya. Hautoki. Na Alhamisi ijayo daktari anakuja kukagua. Akisema panya wamekwisha, tunaziba kila ufa ulioko humu."

Shemeji alikuja Ijumaa na mkokoteni, akaondoka mtupu. "Kuku wangu watakufa, shemeji," akasema bila kutabasamu. Maji yakawa yamemfika Bwana Stoo shingoni. Ufa ukishazibwa, hapatakuwa na panya wa kusingiziwa mpaka anastaafu, na mjane wa watu ameanza kubonyeza mavi kwa karatasi. Alitakiwa kupata mashahidi wapya, wazima, wenye afya, kabla daktari hajafika.

Na hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo mtu mwingine yeyote angejionea aibu hata kuliota. Aende akalete panya.

Alikwenda jalala la nyuma ya soko, na mtego wa waya, akachutama kwenye maganda na matumbo ya samaki, koti lake la kijivu likiburuza. Siku mbili. Mwanamke mmoja aliyepita na ndoo akamwonea huruma, akamwachia kipande cha mkate. Ulikuwa mweupe sana. Akautumia kama chambo. Alipata panya watano, wakubwa, wenye hasira. Akawatia kwenye hotipoti ya chakula ya mkewe, akatoboa mfuniko matundu kwa msumari, akaitia hotipoti kwenye mfuko wa kitambaa, na Alhamisi mchana akaingia nayo getini. Mlinzi akampigia saluti. Nani atakagua chakula cha Bwana Stoo?

Uani makuli walikuwa wanashusha magunia kwenye lori. Soksi alikuwa amelala kwenye jua la mlango wa stoo. Bwana Stoo alitembea taratibu, mabega juu, kama mwenye kiwanda. Zilikuwa zimebaki hatua ishirini hivi sikio moja la Soksi liliposimama. Halafu la pili. Halafu pua.

"Lala," akasema Bwana Stoo kwa meno. "Lala, mshenzi wewe."

Soksi aliposikia sifa zake akaja mbio, akauvaa mfuko.

Bwana Stoo akavuta. Soksi akavuta. Akainua mfuko juu, na mbwa akapanda nao, miguu yote minne hewani, ananguruma kwa pua. Akamzungusha kulia, akamzungusha kushoto. Hakuachia. Makuli wakasimama na magunia yao mgongoni. Bwana Stoo akaona macho yote yale, akatoa meno, akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na moja. Aliwasalimia.

"Habari za mchana, jamani!"

Hakuna aliyeitikia. Walishangaa mno.

Mlango wa ofisi ukafunguka, Mama Bosi akatoka na daktari. "Kuna nini humo, Bwana Stoo?"

"Chakula, mama. Mke wangu kanipikia."

"Mbona kinakwaruza?"

Kitambaa kikachanika. Hotipoti ikaanguka kwenye saruji, mfuniko ukaenda zake ukizunguka mpaka miguuni pa Mama Bosi, na mashahidi watano wakatoka kwenye mwanga wa mchana. Wanne hawakufika popote. Wa tano aliingia mferejini, na Soksi akaingia nyuma yake.

Mama Bosi aliokota mfuniko, akatazama matundu ya msumari. Hakupiga kelele. Aliingia stoo moja kwa moja mpaka kwenye mizani, mahali mbwa alipokuwa akilala kila siku na pua yake, akapeleka mkono nyuma, akatoka na kopo. Akalifungua. Akalifunga.

"Mimi nimetibu wanyama miaka ishirini," daktari akasema polepole, "sijawahi kuona mtu anayebeba panya kuwaleta kwenye unga."

Bwana Stoo alikuwa anapanga maneno. Watoto, ada, mke mgonjwa, shemeji aliyemponza. Alijua ataulizwa habari za unga, na kwa unga alikuwa na machozi tayari.

"Yule mama," akasema Mama Bosi.

"Mama yupi?" Na hapo hakuwa anaigiza. Kweli alikuwa hakumbuki.

"Mfagiaji. Nilimfukuza kwa kinywa changu mwenyewe, kwa ajili ya panya hawa. Alisimama pale mlangoni akaniambia, mama, mimi nafagia. Nikamwona mwongo." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. "Nataka kumpata leo hii. Anaitwa nani?"

Bwana Stoo akafungua mdomo. Miaka tisa mama yule alipita mbele yake kila asubuhi, na yeye alikuwa akimwita fagio. Akafumba mdomo.

"Mimi napajua anapokaa, mama," akasema kuli mmoja, akitua gunia. "Anauza maji stendi. Miguu inamsumbua siku hizi."

"Nenda na dereva. Sasa hivi." Kisha Mama Bosi akanyoosha mkono kwa Bwana Stoo, bila kumtazama. "Funguo."

Alizifungua kiunoni, akamkabidhi. Bila zile funguo hatua zake hazikuwa na mlio. Makuli walimpisha njia, na hakuna aliyemtukana, ila hakuna aliyemwamkia pia. Aibu ilimshika, ndiyo, lakini usiwahi kumhurumia. Mpaka anafika karibu na geti, kilichomuuma zaidi kilikuwa kwamba ameangushwa na kitu kinachoitwa Soksi.

Ndipo aliposikia vijiguu nyuma yake. Soksi alikuwa ametoka mferejini, ameloa, amejaa tope, na panya wa tano mdomoni. Akampita Mama Bosi. Akampita daktari, aliyekuwa amekwisha kumtilia maziwa bakulini, akawapita makuli wote. Akamweka panya juu ya kiatu cha kushoto cha Bwana Stoo, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama usoni akisubiri kuambiwa.

Bwana Stoo alijaribu kusema mbwa mshenzi wewe. Sauti haikutoka. Alisimama pale na panya kiatuni, midomo inacheza, na machozi aliyoyatayarisha kwa ajili ya unga yakamwagika mahali pasipokuwa na mtu wa kumdanganya.

Mlinzi akafungua geti, akatazama pembeni. Bwana Stoo akatoka. Soksi akaketi palepale, mkia unapiga chini taratibu, akimngoja arudi kumtukana.